Nilimhukumu Ghazali bila kumsoma

Nilifundisha jambo lisilo kweli. Nililifundisha kwa muda mrefu, tena kwa uhakika wa mtu aliyelichunguza, ilhali sikuwa nimelichunguza. Niliwaambia wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita, katika shule za huku mkoani Songwe, Tanzania, kwamba falsafa ya Kiislamu iliuawa na mtu mmoja aitwaye Imam Ghazali, na kwamba baada yake Waislamu waliacha kufikiri wakabaki kukariri. Nililiandika hilo ubaoni na kwenye kitini, nikalitungia maswali, na waliojibu vinginevyo nikawanyima alama. Wakati wote huo sikuwa nimesoma hata ukurasa mmoja wa Ghazali.

Kosa hili si la ajabu, na ndiyo maana naliandika. Mwalimu yeyote mwenye vipindi vingi na vitabu vichache anaweza kulifanya. Hata asiye mwalimu analifanya, kila anapomhukumu mtu kwa maneno aliyoyasikia kwa watu wengine.

Somo lenyewe lilikuwa Maarifa ya Jumla, ambalo kila aliyepita kidato cha sita analijua kwa jina la GS. Lilisomwa na wote, wa sayansi na wa sanaa, na ndani yake mlikuwa na mada ya falsafa na dini. Mada ilikuwa pana, vipindi havikutosha, na mtihani ulisubiri. Noti ziliandikwa kwa Kiingereza, maelezo tuliyatoa kwa Kiswahili, na katikati ya lugha hizo mbili mengi yalipita bila kuulizwa.

Kitini changu kilianzia Ugiriki. Alikuwapo Socrates, aliyehukumiwa kifo mjini Athens mwaka 399 K.K. akanywa sumu badala ya kutoroka. Plato, mwanafunzi wake. Na Aristotle, mwanafunzi wa Plato. Wastoa na Epicurus walipata mistari miwili. Kisha wakaja Waislamu: al-Kindi, al-Farabi na Ibn Sina, ambao niliandika kwamba "walitunza vitabu vya Wagiriki". Chini yao palikuwa na sentensi iliyosimama peke yake, niliyoipigia mstari ili ikaririwe: Ghazali alifunga mlango wa falsafa katika Uislamu. Baada ya sentensi hiyo, Ibn Rushd "alimpeleka Aristotle Ulaya", na kurasa zote zilizobaki zikawa za Descartes, Hume, Kant, Hegel na Marx.

Sentensi ile haikuwa yangu. Niliitoa kwenye kitini kingine nilichonunua nikiwa chuoni, kwenye duka la kutoa kopi, kisicho na jina la mwandishi wala kitabu alichokitegemea, na nilipoikuta tena kwenye noti za mwalimu mwenzangu nilidhani nimepata shahidi wa pili, kumbe sote wawili tulikuwa tumenakili mahali pamoja. Ilifaa sana kwa mtihani. Ni fupi, ina mtu, ina tukio, ina matokeo. Mwanafunzi anaikumbuka upesi na mwalimu anaisahihisha upesi.

Ilinifaa kwa sababu nyingine pia, ambayo sikuikiri wakati ule. Mimi ni Mkristo, nimekulia Mbozi katika familia ya Kimoravian, na nilipendezwa kufundisha historia ambayo watu niliowahesabu kuwa wa upande wangu ndio waliofika mbali. Sikuwachukia Waislamu. Nilistarehe tu na habari iliyonipa nafasi ya juu, na habari ya namna hiyo mtu huwa haihoji.

Katika darasa moja la HKL, mchepuo wa Historia, Kiswahili na Kiingereza, alikuwapo kijana wa Tunduma, mtoto wa mfanyabiashara wa pale mpakani mwa Tanzania na Zambia, aliyekuwa amesoma madrasa tangu utotoni. Aliuliza maswali kuliko wenzake wote. Siku nilipofika kwenye sentensi ile alinyoosha mkono, akasema ustadhi wake anavyo vitabu vya Ghazali, na kwamba Ghazali aliisoma falsafa kwa kina kabla ya kuwajibu wanafalsafa. Nikamwambia, "Hapa si madrasa." Darasa likacheka, nami nikaendelea na somo.

Jaribio la mwisho wa muhula lilikuwa na swali kuhusu jinsi Ghazali alivyoua falsafa. Yeye hakujibu nilivyotaka. Aliandika kwamba mtu aliyewapinga wanafalsafa kwa kupima hoja zao moja baada ya nyingine, kwa kanuni zilezile za mantiki walizozitumia wao, hawezi kuitwa adui wa kufikiri. Nilikata jibu lake kwa kalamu nyekundu. Pembeni nikaandika: Rejea noti.

Hakuuliza tena swali katika kipindi changu. Nilikiona kimya chake, nikadhani ameelewa.

Nilikuja kugundua kosa nikiwa natafuta kitu kingine kabisa. Likizo moja ya Desemba niliamua kuiboresha sehemu ya Descartes, kwa sababu kila mwaka wanafunzi walishindwa kuelewa kwa nini mtu mwenye akili timamu akae chini aanze kuyatilia shaka macho yake mwenyewe, na nilihitaji mifano ya kuwaeleza. Katika kitabu kimoja cha historia ya falsafa nikakuta maelezo kwamba shaka ya Descartes, aliyoichapisha mwaka 1641, inafanana sana na ile ya Ghazali katika al-Munqidh min al-Dalal, kitabu kilichoandikwa zaidi ya miaka 500 kabla. Nikaitafuta tafsiri yake ya Kiingereza kwenye intaneti. Ni kitabu kidogo. Nilikisoma kwenye simu usiku uleule.

Mtu niliyemkuta mle hakuwa yule wa kitini changu. Ghazali anatazama kivuli. Jicho linakiona kimesimama, lakini ukirudi baada ya saa moja unatambua kwamba kilikuwa kikisogea muda wote, kidogo kidogo. Anatazama nyota. Jicho linaiona ndogo kama sarafu ya dinari, wakati hesabu za jiometri zinathibitisha kwamba ni kubwa kuliko dunia. Sasa, kama akili ndiyo iliyoyaumbua macho, ni nani atakayeiumbua akili? Anaikumbuka ndoto: aliyelala huamini yote anayoyaona mpaka aamke, na huenda iko hali nyingine ambayo mbele yake kuwa macho kwetu huku nako ni kama usingizi. Anasema alikaa katika shaka hiyo karibu miezi miwili. Kuyashuku macho, mfano wa ndoto, kutafuta jambo moja la hakika la kuanzia: hayo yote nilikuwa nimeyafundisha kama mwanzo wa fikra mpya za Ulaya.

Nikakitafuta na Tahafut al-Falasifa, kitabu alichokimaliza mwaka 1095, kilekile nilichodai kwamba kiliua falsafa. Katika suala la 17 nikakuta pamba na moto. Ghazali anasema tunapoona pamba ikiungua ilipokutana na moto, tunachokiona ni jambo moja likiandamana na jingine. Kwamba lazima iwe hivyo, hilo jicho halijaliona.

Hapo niliiweka simu chini. Hoja hiyo nilikuwa na kipindi kizima juu yake. Kila mwaka niliingia darasani na gololi mbili, nikaziweka mezani, nikaisukuma moja iigonge nyingine, kisha nikawauliza wanafunzi wameona nini. Wameona mgongano na mwendo, lakini hakuna aliyeiona "lazima" inayoviunganisha. Niliifundisha kwa jina la David Hume wa Uskoti, aliyezaliwa mwaka 1711, miaka 600 baada ya kifo cha Ghazali. Wawili hawa hawakufika mahali pamoja, kwa kuwa Ghazali aliishia kwenye uwezo wa Mungu na Hume akaishia kwenye mazoea ya akili zetu. Lakini swali lao ni moja. Kwa Hume nililiita ujasiri wa fikra. Kwa Ghazali nililiita kufunga mlango.

Nikakifungua kitini changu kwenye ukurasa wenyewe. Mbele ya jina la Ghazali nilikuwa nimeandika 1058 hadi 1111. Mstari wa chini yake, mbele ya jina la Ibn Rushd, nilikuwa nimeandika 1126 hadi 1198. Miaka hiyo niliiandika kwa mkono wangu. Kama mlango wa falsafa ulifungwa na mtu aliyefariki mwaka 1111, ilikuwaje Ibn Rushd, mmoja wa wanafalsafa wakubwa kuliko wote wa Kiislamu, azaliwe miaka 15 baadaye? Jibu halikuhitaji Kiarabu wala maktaba ya chuo kikuu. Lilihitaji kuisoma mistari miwili niliyokuwa nikiwasomesha wengine. Sikuwa nimeisoma.

Baada ya hapo nilisoma kwa utaratibu, na kila nilichosoma kilizidi kunionyesha ukubwa wa kosa. Katika Tahafut, Ghazali anajadili masuala 20. Matatu anayahukumu kuwa ni kufuru: kwamba ulimwengu hauna mwanzo, kwamba Mungu anajua mambo kwa ujumla wake tu na si kimoja kimoja, na kwamba miili haitafufuliwa. Hukumu hiyo ni nzito, kwa maana inagusa roho za watu, na siitetei. Mengine 17 anayaona kuwa makosa au uzushi. Hesabu na mantiki hazipingi. Kuhusu kupatwa kwa jua na mwezi anaonya waziwazi kwamba mtu anayekataa maelezo ya wanajimu yaliyothibitishwa kwa hesabu, akidhani anaitetea dini, anaidhuru dini yenyewe. Kitabu chake cha misingi ya sheria, al-Mustasfa, alikianza kwa mafunzo ya mantiki.

Lililonichoma zaidi ni namna alivyofanya kazi. Anaeleza kwamba, akiwa mwalimu Baghdad mwenye wanafunzi 300, alitumia nafasi zake za mapumziko kusoma vitabu vya wanafalsafa peke yake kwa karibu miaka miwili, kwa sababu aliona kulipinga jambo kabla ya kulielewa ni kurusha jiwe gizani. Aliandika pia kitabu kizima, Maqasid al-Falasifa, kueleza maoni ya hao aliowapinga. Aliyaeleza vizuri kiasi kwamba kitabu hicho kilipotafsiriwa kwa Kilatini katika karne ya 12, wasomi wa Ulaya walidhani Ghazali mwenyewe ni mfuasi wa Ibn Sina. Yeye aliwasoma wapinzani wake kabla ya kuwajibu. Mimi nilimjibu yeye bila kumsoma.

Na mjadala haukuishia kwake. Ibn Rushd alimjibu hoja kwa hoja katika Tahafut al-Tahafut. Suhrawardi, aliyeuawa Aleppo mwaka 1191, alianzisha njia nyingine ya falsafa. Nasir al-Din al-Tusi alimtetea Ibn Sina dhidi ya wakosoaji, na mwaka 1259 akaanza kujenga kituo cha kuchunguzia nyota kule Maragha. Ibn Khaldun aliandika Muqaddima mwaka 1377, akichunguza kwa nini dola huinuka na kuanguka. Mulla Sadra alikuwa akifundisha falsafa Iran katika karne ya 17, wakati uleule wa Descartes.

Hata lile neno "walitunza" lilikuwa dharau. Baghdad ilikuwa na wafasiri kama Hunayn ibn Ishaq, Mkristo aliyefanya kazi bega kwa bega na Waislamu, lakini tafsiri zilikuwa mwanzo tu wa kazi. Ibn Sina alitofautisha kati ya kitu kuwa ni nini na kitu kuwapo, na Thomas Aquinas akaijenga hoja yake juu ya tofauti hiyo. Aquinas huyohuyo, akimtaja Ibn Rushd, mara nyingi alimwita Mfafanuzi tu, bila jina, kwa kuwa kila msomaji wake alijua ni nani anayezungumziwa. Aligombana naye sana, na mtunza maktaba hakuna anayegombana naye.

Hadithi ya kifo cha falsafa ya Kiislamu nayo ina historia yake. Mfaransa Ernest Renan aliandika kitabu juu ya Ibn Rushd mwaka 1852, kilichoyafanya mauti ya mwanafalsafa huyo kuwa mwisho wa falsafa kwa Waislamu. Mwaka 1883 alitoa mhadhara Sorbonne akidai kwamba Uislamu na sayansi havipatani, na Jamal al-Din al-Afghani akamjibu mwaka huohuo. Hiyo ni karne ambayo Ulaya ilikuwa ikizigawana nchi za wengine, na habari kwamba wengine hao waliacha kufikiri zamani ilikuwa na manufaa yake. Habari ikapita kwenye vitabu vya vyuo, kwenye mihtasari, kwenye vitini, mpaka ikafika mikononi mwangu ikiwa imepoteza jina la aliyeisema.

Nilipaswa kuitambua, maana jambo lilelile nimelipinga maisha yangu yote likihusu kwetu. Huwa nawapeleka wanafunzi Ndolezi kukiona kimondo cha Mbozi, lile pande la chuma linalokadiriwa kuwa na tani 16. Vitabu vinasema kiligunduliwa mwaka 1930 na mpima ardhi. Pale pale mbele ya kimondo huwa nawaambia wanafunzi kwamba Wanyiha, wenyeji wa eneo hilo, waliishi nacho kabla ya hapo, na kwamba 1930 ni mwaka kilipoandikwa katika vitabu vya wageni. Nilikuwa nikilisema hilo kwa fahari, kisha narudi darasani kufundisha kwamba Ulaya iliikuta falsafa imelala kwenye rafu za Waarabu ikaiamsha. Wala Ghazali hakuwa mgeni Afrika Mashariki. Kitabu chake cha Ihya Ulum al-Din kimesomwa katika darsa za Lamu na Unguja, kwa mkono wa masharifu wenye asili ya Hadhramaut. Niliyemkejeli kijana yule kwa ajili yake alikuwa mwalimu wa pwani yetu kabla shule yangu haijajengwa.

Gharama ya kosa naweza kuitaja bila kuitafuta sana. Kijana yule sasa ni wakala wa forodha Tunduma. Nilimfuata ofisini kwake, karibu na foleni ya malori yanayovuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nimekuja kwa ajili ya jibu lako la GS."

Nilimweleza yote, nikamwomba radhi. Alinisikiliza, akaniagizia chai, kisha akasema, "Mwalimu, mimi nilijua kuwa nimejibu sawa. Ila kalamu ulikuwa nayo wewe." Akaniambia kwamba alikuwa akitamani kusoma falsafa chuo kikuu, baadaye akaona si mahali pake, akasoma ugavi. Hakulisema kwa uchungu. Kazi yake inamlisha yeye na wanawe. Lakini mwanafunzi aliyekuwa na swali bora darasani nilimfundisha kwamba swali lake halina nafasi.

Gharama ya pili niliikuta Vwawa, kwenye kikao cha walimu wa somo letu. Mwalimu kijana, niliyemfundisha mwenyewe, alinionyesha kitini chake. Sentensi ile ilikuwamo, neno kwa neno, imepigiwa mstari. Nilimwambia kuwa ni kosa langu, nikampa vitabu, naye amekirekebisha. Ila kitini changu kimetolewa kopi kwa miaka, kimepita bweni hadi bweni, na siwezi kumfikia kila aliyekisoma.

Siku hizi Ghazali na Hume nawafundisha katika kipindi kimoja, gololi na pamba mezani, na wanafunzi wanabishana nani kati yao ana hoja nzito zaidi. Hapo napata maswali kuliko nilivyowahi kupata. Mwanafikra ambaye sijasoma maneno yake mwenyewe simtolei hukumu tena. Hegel nimemwondoa kwenye kitini mpaka nitakapomsoma. Kitini kimekuwa kifupi, na ninayoyasema sasa ninaweza kuyatetea.

Kama ulisoma GS kwangu na noti zako bado unazo, fungua ukurasa wa falsafa, kata ile sentensi ya Ghazali, na mdogo wako usimpe kabla hujaikata. Kama wewe ni mwalimu na sentensi hiyo unayo, ujue ilikotoka, na usiitoe kopi tena. Na mwanafunzi akikuambia kuna kitabu kinachopinga unachofundisha, muulize kinaitwaje, ukitafute, ukisome, kisha ndipo umsahihishe.